Sura ya Sita: Daftari Chini ya Mto

Mama mkubwa alikuwa na kliniki mbili, hospisi moja na makemisti wawili, na kati ya wote hao hapakuwa na hata mmoja aliyewahi kuzungumza na mwenzake. Sikuligundua hilo hospitalini. Niligundua nikiwa nimepiga magoti kando ya kitanda chake kijijini Raila, Kibera, nikikung'uta kiondo cha dawa juu ya blanketi huku mvua ikipiga mabati hata hatusikilizani.

Kilichotoka kiondoni ningali nakikumbuka. Kadi mbili za kliniki na kitabu cha hospitali kilichokunjika pembe. Pakiti za dawa za presha za aina mbili kutoka kituo cha afya. Chupa ya plastiki yenye dawa ya maji, mofini, iliyobandikwa kipande cha plasta nyeupe. Na vibahasha vinne vya karatasi ya kaki, vile vya kemisti, vyenye tembe ndani na maandishi nje: 1×3, 2×2. Jina la dawa halikuwepo hata kwenye kimoja.

Mgonjwa mwenyewe alikuwa amelala, ila usingizi wake haukuwa ule tuliouzoea tangu saratani ya titi ilipoingia kwenye mifupa. Ukimwita alifungua macho, akasema neno moja lisiloeleweka, akazama tena. Vidole vyake vilikuwa vinarukaruka kama vya mtu anayeguswa na stima kidogo kidogo. Majirani walikuwa wameanza kuingia mmoja mmoja na kukaa kimya. Shemeji yetu alikuwa mlangoni akipiga hesabu ya gari la kumpeleka nyumbani Siaya. Bila mtu kutamka, sote tulikuwa tumekubali kwamba saa imewadia.

Haikuwa imewadia. Mama mkubwa aliishi miezi saba zaidi, na mingi ya miezi hiyo aliishi akijua ni siku gani na nani amempikia. Kilichokuwa kinamuua usiku ule hakikuwa saratani. Kilikuwa ni dawa nzuri, zilizotolewa na watu wazuri, zikakutana mara ya kwanza ndani ya mwili wake.

*

Raila ni kijiji cha upande wa magharibi wa Kibera, jirani na Gatwekera na Soweto Magharibi. Kimebeba jina la Raila Odinga, aliyechaguliwa mbunge wa Lang'ata mwaka 1992 wakati Kibera ilikuwa ndani ya eneobunge hilo. Mama mkubwa aliishi hapo na kitinda mimba wake, kijana wa mjengo. Binti yake anaishi Kawangware, upande wa Congo, na anafulia watu nguo Lavington. Aliyepata kibarua wiki hiyo hawezi kuuguza, kwa hiyo mgonjwa alihamishwa kama kazi zilivyohama. Akipata kazi kijana, mama hupelekwa Kawangware: bodaboda ya polepole hadi Ngong Road, Dagoretti Corner, kisha Naivasha Road. Akipata kazi binti, mama hurudishwa Raila. Kiondo husafiri mapajani mwake.

Nalisisitiza hili kwa sababu vitabu vya tiba humchora mgonjwa kama mtu mwenye kitanda kimoja na mwuguzaji mmoja. Mgonjwa wa Nairobi ninayemjua mimi ana vitanda viwili na wauguzaji watatu. Kila nyumba ina kemisti wake wa kona na kituo chake cha afya. Ya Kawangware iko karibu na kituo cha Riruta, na watu wa Raila huteremka au kupanda kwenda vituo vya Kibera vyenyewe, kikiwemo kile cha Kibera Kusini ambacho Médecins Sans Frontières waliikabidhi serikali ya kaunti mwaka 2017. Anapovuka Ngong Road mgonjwa hubadilisha nusu ya watu wanaomtibu, na hakuna anayewaambia.

Sasa itazame ile plasta. Iliandikwa kwa kalamu ya wino, kwa mkono wa mtu mwenye haraka: *Mofini. 10 ml kila saa nne.*

Kiswahili chetu kina saa mbili zinazovaa nguo moja. Kuna saa nne ya kutazama ukutani, na kuna saa nne za kungoja. Aliyeandika alimaanisha za kungoja: mpe dawa, saa nne zipite, mpe tena. Ndivyo mofini ya maji inavyofanya kazi. Baada ya takriban saa nne nguvu yake imekwisha. Kijana wa Raila hakuhitaji kusoma plasta, maana yeye ndiye aliyekwenda kuchukua chupa, na sista wa hospisi alimhesabia kwa vidole: saa kumi na mbili alfajiri, saa nne asubuhi, saa nane mchana, saa kumi na mbili jioni, kisha saa nne usiku umpe kipimo mara mbili ili asiamshwe saa nane za usiku.

Dada yake wa Kawangware hakuwa na sista. Alikuwa na plasta. Akasoma saa nne ya ukutani. Kila ilipogonga saa nne ya asubuhi na saa nne ya usiku alimpimia mama yake mililita kumi, kwa uaminifu ambao hata leo ukinijia moyo unaniuma. Hakukosa hata mara moja. Mgonjwa aliyepaswa kupata vipimo sita kutwa kucha akapata viwili.

Ilipofika alasiri mama alikuwa analia kwa mifupa, na binti akahitimisha ambacho angehitimisha mtu yeyote mwenye akili: dawa ya hospitali imeisha nguvu. Akaenda kwa kemisti.

Simlaumu kemisti, na nisingependa msomaji amlaumu. Saa mbili usiku, kituo cha afya kimefungwa na hospitali kubwa iko mbali na nauli, dirisha lenye taa ni la kemisti. Yeye ndiye anayekujua jina, na ndiye anayekukopesha. Binti alimwambia, "Mama ana maumivu ya mgongo." Neno saratani hakulisema, kwa sababu kwake halikuwa jambo la kutangazia watu waliopanga foleni nyuma yake. Kemisti akatoa alichonacho kwa mgongo: sindano ya diklofenaki, siku tano mfululizo, na tembe za tramadoli za kumezea nyumbani. Maumivu yalishuka. Binti akashukuru Mungu. Wiki ikaisha, kazi ya mjengo ikasimama, mama akarudishwa Raila. Kule mwanawe akampokea, akaangalia saa, akaendelea na vipimo vyake sita kama alivyofundishwa.

*

Hapa ndipo inabidi tuingie ndani ya figo.

Mama mkubwa alikuwa na presha miaka kumi kabla ya saratani. Kituo cha afya kilimpa enalapri pamoja na dawa ya kukojoza, hidroklorothiazidi, na kilifanya vizuri. Presha yake ilitulia. Dawa ya kukojoza hupunguza maji mwilini. Enalapri hulegeza mishipa inayotoa damu kwenye vichujio vya figo, hivyo msukumo wa kuchuja unapungua. Diklofenaki nayo hubana mishipa ya kuingizia. Mtu mwenye afya, anayekula na kunywa, huenda akazivumilia. Mama wa miaka sitini na kitu asiyepitisha kooni zaidi ya vijiko vitatu vya uji ni kama jiko la makaa ulilolifunika juu na kuliziba tundu la chini. Halilipuki. Linazimika taratibu, bila kelele.

Mofini huvunjwa na ini, lakini mabaki yake, ambayo nayo yana nguvu, huondolewa na figo. Figo zikizimika, mabaki hujaa. Kipimo kilichokuwa sahihi Jumatatu kinakuwa kingi kupita kiasi Ijumaa, ingawa chupa ni ile ile na mililita ni zile zile. Dalili zake ndizo tulizokuwa tunaziangalia na kuziita mauti: usingizi usioamshika, maneno kuparaganyika, vidole kurukaruka. Juu yake kulikuwa na tramadoli, ambayo ni ya ukoo mmoja na mofini, ikiongezea uzito kwenye mzigo ule ule.

Nani alikosea? Nimelipindua swali hili miaka mingi. Wa presha alitoa dawa sahihi ya presha. Wa hospisi alitoa kipimo sahihi cha mofini. Kemisti alitoa dawa inayojulikana ya maumivu ya mgongo. Watoto wote wawili walifuata walichoambiwa. Wahenga wanasema manahodha wengi, chombo huenda mrama, lakini wale wa methali angalau wanaonana na kugombana. Wa mama mkubwa hawakujua kwamba kuna mwingine chomboni.

Aliyetuokoa ni simu. Kijana alimpigia sista wa hospisi, akamweka kwenye spika, naye hakutuuliza kama mgonjwa anapumua vibaya au kama tumemwita padri. Aliuliza, "Mwanangu, mama amekojoa lini?"

Tulitazamana. Hakuna aliyejua. Beseni lilikuwa kavu.

"Nisomeeni kila kilichomo kwenye kiondo. Pole pole."

Nikasoma. Nilipofika kwenye vibahasha akanisimamisha. Akataka kujua kama amechomwa sindano. Tukampigia binti Kawangware kwa simu nyingine, na simu mbili zikawekwa uso kwa uso juu ya blanketi, watu wawili ambao hawakuwahi kukutana wakiongea kifuani mwa mgonjwa. "Ndiyo, Sista, tano." Sindano ya nini? "Ya maumivu." Sista akamwambia, "Nenda umuulize jina, mama. Nenda sasa hivi, mimi nasubiri." Binti akavaa kanga kichwani, akaenda. Kemisti alikuwa hajafunga. Akamtajia jina na kipimo bila kusita, na alipoelezwa kuna saratani na mofini, alinyamaza kidogo, kisha akamwandikia kila alichotoa kwenye karatasi na kugonga mhuri wake.

Karatasi ile yenye mhuri ndiyo iliyokuwa rekodi kamili pekee katika ugonjwa mzima hadi siku ile.

Alfajiri alipelekwa hospitali, akatundikiwa maji, diklofenaki, tramadoli na dawa za presha zikasimamishwa. Mofini haikuondolewa, ilipunguzwa na kupewa nafasi ndefu zaidi kati ya kipimo na kipimo, huku figo zikiangaliwa kwa vipimo vya damu. Siku ya tatu aliamka, akaonja chai aliyoletewa, akauliza maziwa yako wapi.

*

Msomaji atauliza kwa nini dawa moja ya maumivu ipitie mikono mingi hivyo. Sehemu ya jibu iko kwenye historia ya mofini yenyewe katika mji huu.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 1986 mwongozo wa maumivu ya saratani ambao hadi leo wauguzi huukariri: dawa itolewe kwa mdomo, itolewe kwa saa, na ipande kwa ngazi, kuanzia parasetamoli na jamii yake, kupitia kodeini, hadi mofini. Mwaka 1990 Hospisi ya Nairobi, ya kwanza Kenya, ilifunguliwa ndani ya uwanja wa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Mkurugenzi wake wa kwanza wa tiba alikuwa daktari Mwingereza, Anne Merriman, aliyekuja na ujuzi wa kuchanganya unga wa mofini na maji ikawa dawa ya bei nafuu ya kunywa. Mwaka 1993 alivuka kwenda Kampala akaanzisha Hospice Africa Uganda, na mwaka 2004 Uganda ikabadilisha sheria ili wauguzi na maafisa wa kliniki waliosomea tiba shufaa waruhusiwe kuandika mofini wenyewe. Tiba shufaa ndiyo hii huduma ya kumtuliza mgonjwa wa ugonjwa mzito, mwili na moyo, awe anapona au haponi.

Kenya ilikwenda polepole zaidi. Shirika la Human Rights Watch lilipochunguza mwaka 2010, mofini ya kunywa ilipatikana katika hospitali saba tu za umma kati ya takriban 250. Miaka saba baadaye tume ya jarida la Lancet ilipima mgawanyo wa dawa za jamii ya mofini duniani: tani 298.5 kwa mwaka, na katika hizo nchi maskini kabisa zilipata tani 0.1. Ukizisoma takwimu hizo unaelewa kwa nini watetezi wa tiba shufaa nchini mwetu, wengi wao chini ya mwavuli wa Chama cha Hospisi na Tiba Shufaa cha Kenya, walitumia miaka yao wakidai jambo moja: chupa ifike.

Walidai haki. Lakini nadhani vita hivyo vilituzoesha kuhesabu chupa, na tukaona chupa ikishafika kazi imekwisha. Chupa ya mama mkubwa ilifika, tena hadi Raila. Kilichokosekana ni mtu mmoja ambaye chupa hiyo ni yake.

Sheria nayo imechangia, bila nia mbaya. Mofini inalindwa na sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 1994; huwekwa kwenye kabati la kufuli na kila mililita huandikwa kwenye rejista. Ni sawa iwe hivyo. Ila matokeo yake ni kwamba anayetoa mofini ni mmoja, na wa kutoa kila kitu kingine wapo kila kona. Ukitafuta mofini unakwenda mbali kwa miadi. Ukitafuta diklofenaki unatembea hatua ishirini na sandali. Kliniki ya saratani humwona mgonjwa kila baada ya wiki kadhaa, hospisi humpigia simu katikati, kituo cha afya humwona akiishiwa na dawa za presha, na kemisti humwona usiku maumivu yanapokuwa yamemshinda. Kila mmoja anaona kipande chake.

Na mama mkubwa hakuwa na ugonjwa mwingine zaidi ya presha. Wengi Kibera wana zaidi. Mwanamke anayeishi na virusi vya ukimwi ana uwezekano mara sita zaidi wa kupata saratani ya mlango wa kizazi kuliko asiye na virusi, kwa hiyo wengi wanaokunywa mofini kwa saratani hiyo wana kliniki ya pili ya dawa za kupunguza makali. Baadhi yao hupata na kifua kikuu. Dawa ya kifua kikuu, rifampisini, hulifanya ini lichape kazi kwa kasi na kupunguza nguvu ya mofini. Mgonjwa aliyekuwa ametulia anaanza kulia tena, na nyumbani wanasema ameizoea dawa, au mbaya zaidi, ameanza kuipenda. Hajaipenda. Wa kifua kikuu hakujua kuna mofini, na wa mofini hakuambiwa kuna kifua kikuu.

*

Baada ya usiku ule sista alitununulia daftari. La shule, la mistari, jalada la samawati lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Akasema litakaa chini ya mto wa mgonjwa, na mgonjwa akienda Kawangware litaondoka kabla ya kiondo.

Wakenya tumezoea kitabu cha hospitali. Ukifika kituo cha afya bila daftari unaambiwa ukanunue. Lakini kile ni kitabu cha daktari. Huandikwa kwa hati isiyosomeka, hufungwa, hukaa kabatini hadi miadi ijayo. Hili lilikuwa tofauti, kwa kuwa liliandikwa na wote, na ukurasa wa kwanza ulikuwa na sentensi aliyoiandika sista kwa herufi kubwa: ANAYEBADILISHA DAWA YA MAUMIVU NI MMOJA. Chini yake nambari yake ya simu.

Tulijadiliana huyo mmoja awe nani. Shemeji alitaka awe daktari bingwa wa saratani, kwa kuwa ndiye mkubwa. Mimi nilikuwa upande wa sista na bado niko upande huo. Bingwa ana wagonjwa wengi na tunamwona baada ya wiki tatu. Maumivu hayana subira hiyo. Mwenye dawa ya maumivu awe yule anayepokea simu usiku. Bingwa akitaka kuongeza au kupunguza, aandike pendekezo lake daftarini na sista alitekeleze. Bingwa mwenyewe, tulipomwonyesha, hakuchukia hata kidogo. Alisoma kurasa tatu akiwa amesimama, akauliza kama wagonjwa wake wengine wanaweza kupata la namna hiyo.

Ukurasa wa pili uliandika dawa yenyewe, na hapa sista alikuwa mkali kama mwalimu wa hesabu. Hakukubali tuandike mililita peke yake. Mililita ni ujazo, alisema, hazikuambii nguvu. Mofini ya maji huchanganywa kwa nguvu tofauti. Uganda wamezitia rangi ili macho yasaidie: ya kijani ina miligramu 5 katika mililita 5, ya waridi ina 50 katika ujazo huo huo, ya buluu ina 100. Mgonjwa aliyezoea mililita kumi za ile hafifu akipewa mililita kumi za ile ya waridi amekunywa mara kumi, na pasipo rangi jicho la mwuguzaji halioni tofauti yoyote kwenye sirinji. Kwa hiyo kila chupa mpya ilipoingia, iwe Raila au Kawangware, mtu wa kwanza kuishika aliandika daftarini miligramu ngapi kwa kila mililita, akampigia sista na kumsomea, na chupa ya zamani ikafungwa na kutengwa siku hiyo hiyo. Chupa mbili za wazi hazikuruhusiwa kukaa nyumba moja.

Kisha saa. Neno "kila saa nne" lilipigwa marufuku nyumbani kwetu. Ziliandikwa saa zenyewe, moja chini ya nyingine, na jua au mwezi mdogo uliochorwa kando, kwa kuwa mama mkubwa mwenyewe hakusoma shule na alitaka kujua anachopewa. Aliyempa alitia alama. Kukiwa na maumivu yaliyochomoza katikati, alipewa kipimo cha ziada, na hicho kikaandikwa kwa wino mwekundu. Wino mwekundu ndio sista aliousoma kwanza. Ukiwa mara moja kwa siku mbili, hakusema kitu. Ulipoanza kuonekana mara tatu kwa siku, alijumlisha vyote na kupandisha kipimo cha kawaida. Nyekundu zikikoma na usingizi ukizidi, alishusha.

Kulikuwa na safu ya choo. Mofini hufunga choo karibu kila mtu, na haizoeleki kwa hilo, kwa hiyo dawa ya kulainisha hutolewa tangu siku ya kwanza bila kungoja shida. Nimeona familia ikiacha mofini kabisa kwa sababu ya siku tano bila choo, wakidhani tumbo ni saratani imehamia huko. Na kulikuwa na safu ya mkojo, ambayo baada ya usiku ule hakuna aliyehitaji kukumbushwa.

Kurasa za nyuma zilikuwa za wengine wote. Kituo cha afya kiliandika presha na dawa zake, tena kikabadilisha moja kikijua figo zilivyoteseka. Kemisti wa Kawangware aliandika. Wa Raila alikataa mara ya kwanza, akasema yeye si hospitali. Binamu yangu, yule kijana wa Raila, akamfungulia ukurasa wa mwenzake wa Kawangware wenye mhuri, na akaandika. Masharti kwao yalikuwa rahisi: hakuna sindano ya maumivu bila simu, na hakuna kibahasha bila jina la dawa. Simu ya picha ilisaidia pia. Kila Jumapili jioni kijana alipiga picha ukurasa wa wiki na kuutuma kwa dada yake na kwa sista, na bando la shilingi ishirini lilitosha.

Serikali nayo inajaribu kuunganisha taarifa kama hizo. Sheria ya Afya ya Kidijitali ilitiwa saini Oktoba 2023, pamoja na nyingine tatu za afya, na mwezi mmoja kabla yake serikali ilizindua wahudumu 100,000 wa afya ya jamii, kila mmoja na mkoba wa vifaa na simu. Naliunga mkono jambo hilo kwa moyo wote. Mhudumu wa Raila anaishi Raila. Anaingia nyumbani bila kuuliza njia, na anaweza kusoma safu ya mkojo na ya wino mwekundu mara moja kwa wiki na kuona hatari kabla ya majirani kuanza kuingia kimya. Ila taarifa za mgonjwa zikiunganishwa kutoka kliniki hadi kliniki na dirisha la kemisti likaachwa nje, usiku kama ule utarudi. Dawa iliyotaka kumwondoa mama mkubwa ilitoka kwenye dirisha hilo, ndani ya kibahasha kisicho na jina.

*

Mwezi wa saba alitaka kwenda nyumbani. Watu wa Raila wengi wana nyumbani kwingine, Siaya, Homa Bay, Vihiga, Kakamega, na mgonjwa wa saratani mara nyingi husafiri wakati ule dawa inapohitajika zaidi. Sista aliandika barua mbili. Moja ilikuwa ya kuonyesha njiani, ikitaja jina la mgonjwa, dawa na kiasi, maana kijana aliogopa polisi wakikuta mofini ndani ya kiondo. Nyingine ilikuwa ya mhudumu wa tiba shufaa wa upande wa kule, na kabla hatujapanda gari sista alihakikisha amempata kwa simu na amekubali. Akafuta nambari yake kwenye ukurasa wa kwanza kwa mstari mmoja, bila kuichana, akaandika ya mwenzake chini yake na tarehe. Mwenye dawa alibadilika wakati ule, mbele yetu, na mama mkubwa akamshika mkono.

Alikaa Siaya siku kumi na tisa. Safu ya mwisho ina alama za saa kumi na mbili, saa nne, saa nane. Ya saa kumi na mbili jioni haikutiwa.

Baada ya matanga, binamu zangu wawili walirudi Nairobi na chupa. Hawakutaka kuiacha nyumba yenye watoto, na hawakutaka kuimwaga chooni. Waliipeleka kwa sista. Aliimimina kwenye kikombe cha kupimia, akakiinua hadi usawa wa macho, akasoma mililita sitini na tano. Akachukua daftari la samawati, akarudi nyuma ukurasa kwa ukurasa akijumlisha vipimo kwa midomo, hadi hesabu ya daftari na ya kikombe zikalingana. Akaandika kwenye rejista yake. Binti wa Kawangware akatia sahihi, kijana wa Raila akatia sahihi.

Kijana akauliza kama daftari nalo linabaki hospisi.

"Hapana," sista akasema. "Hilo ni lenu."